Tumenuniana miezi mitano ofisini, na sasa hasira nimehamishia nyumbani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, na kazini kwangu huu ni mwaka wa saba. Sipendi ugomvi, na wanaonijua watakuambia hivyo. Lakini nimejikuta kwenye ugomvi ambao sioni pa kutokea.

Meza yangu inatazamana na ya mwenzangu mmoja. Tuliajiriwa pamoja, tukawa marafiki hasa. Nilipojifungua mtoto wa pili, yeye ndiye aliyenishikia kazi zangu bila kunung'unika. Mwaka huu tukapewa kuandaa ripoti ya mwaka ya kitengo chetu. Mimi nilikusanya takwimu, nikazihakiki, nikaandika karibu yote. Wiki tatu nzima nilikuwa natoka ofisini giza limeshaingia. Yeye alipanga slaidi na kunyoosha lugha. Siku ya kuiwasilisha mbele ya wakurugenzi, mwanangu aliamka na homa kali. Nikatuma ujumbe kwamba siji. Akawasilisha peke yake. Kesho yake mwenzetu wa meza ya pembeni akaniambia, "Wamemsifu sana, naye akaitikia asante. Jina lako halikutajwa hata mara moja."

Iliniuma sana, Shangazi. Sikumuuliza. Nilingoja aseme mwenyewe, maana mtu mwenye utu angesema. Hakusema.

Tangu siku hiyo kila ninachotaka kumwambia namwandikia baruapepe, hata kama amekaa mbele yangu, na bosi namwekea nakala ili siku nyingine ijulikane nani kafanya nini. Zamani tulikuwa na stepla moja ya wote wawili; nikanunua yangu. Baada ya kama wiki moja nikakuta ameweka boksi la faili katikati ya meza zetu, tusionane nyuso. Mwezi uliofuata akaandika kwenye kundi la kazi la WhatsApp: "Kuna watu ukiwategemea utaota mvi." Nikajibu: "Na kuna watu wanavuna wasipopanda." Watu wakaweka vicheko. Huu ni mwezi wa tano hatusalimiani. Bosi alituita mara moja tu, akasema, "Nyie ni watu wazima, mtajijua, mimi nataka kazi." Yule wa meza ya pembeni bado ananiletea kila kinachosemwa juu yangu.

Kibaya zaidi, nimeanza kurudi nayo nyumbani. Mume wangu anasema naingia na uso wa ofisini. Siku tisa zilizopita aliniuliza fomu ya shule ya mtoto iko wapi, nikalipuka: "Kila kitu mimi! Kwani wewe humu ndani unafanya nini?" Hakujibu. Akachukua funguo akatoka, akarudi watoto wamelala. Mpaka leo tunaongea ya watoto tu.

Niombe uhamisho? Niandike barua kwa idara ya rasilimali watu? Na nyumbani, nani aanze, wakati yeye ndiye aliyeondoka mimi bado naongea? Sipendi ugomvi, lakini pia sitaki kuonekana mjinga.

Niliyechoka kununa

*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa ile homa ya mtoto, na pole kwa yote yaliyoifuata.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama kwenye neno moja: "Sikumuuliza." Umelisema haraka haraka ukapita, lakini kwangu hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kilichotokea kwenye kile kikao unakijua kwa mdomo wa mtu wa tatu. Hujui wakurugenzi walisema nini hasa, hujui ile "asante" ilikuwa na nini mbele yake na nini nyuma yake, hujui kama kwenye slaidi ya kwanza jina lako lilikuwepo au halikuwepo. Inawezekana kabisa mwenzako alikudhulumu. Simtetei. Ninachosema ni kwamba umeshatoa hukumu, na adhabu umeitumikisha miezi mitano, na mshtakiwa hajasomewa shtaka.

Na unaposema hupendi ugomvi, nakuelewa unavyomaanisha: hupendi kelele. Lakini ugomvi unaupigana kila siku. Ile nakala kwa bosi ni ngumi. Stepla mpya ni ngumi. Umeandika mwenyewe mpangilio wa mambo: stepla ilitangulia, boksi la faili likaja wiki moja baadaye. Jiweke kwenye kiti chake. Siku moja rafiki yako wa miaka saba anaacha kukusemesha, anakuandikia barua akiwa umbali wa mkono, bosi ndani, kisha anaweka stepla yake mpya mezani. Wewe ungewaza nini?

Mwaka 1977 mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Ross, alilipa jina kosa ambalo binadamu tunalifanya tukipima matendo ya wenzetu: tunaona tabia ya mtu, hatuoni mazingira yaliyomsukuma. Mimi nikichelewa, ni gari liliharibika. Wewe ukichelewa, ni mzembe. Sasa irudishe ile siku ya kikao, lakini uitazame kutoka upande wa pili wa meza. Wewe hukwenda kwa sababu mtoto alikuwa anaungua kwa homa, na hakuna mama ambaye angefanya vinginevyo. Yeye alichokiona ni ujumbe wa asubuhi, kisha akasimama peke yake mbele ya wakurugenzi akijibu maswali ya takwimu ambazo hakuzikusanya yeye. "Kuna watu ukiwategemea utaota mvi." Wewe umelisoma kama tusi. Mimi nimelisoma nikajiuliza kama si malalamiko ya mtu ambaye naye anangoja kuombwa radhi. Inawezekana mmekaa miezi mitano, kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme pole.

Najua utaniambia, "Shangazi, lakini kazi niliifanya mimi." Nakuamini. Hata hivyo nataka ulijue jambo moja kuhusu hesabu za namna hiyo. Mwaka 1979 watafiti wawili, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, anabeba sehemu gani ya shughuli za pamoja: kupika, usafi, kulea. Walipojumlisha majibu ya mume na ya mke, kwa shughuli nyingi jumla ilizidi asilimia 100. Hawakuwa waongo. Kila mtu anakumbuka jasho lake vizuri zaidi kwa sababu alikuwepo lilipomtoka. Zile wiki tatu za kutoka gizani unazikumbuka siku kwa siku. Usiku wake wa slaidi hukuuona. Na swali ulilomtupia mumeo, "Kwani wewe humu ndani unafanya nini?", linatoka kwenye hesabu hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine linaloniumiza nikiwasoma watu walionuna. Mnadhani kununa kunaeleza. Mwaka 1990, Elizabeth Newton, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu pale Stanford, aliwapa watu nyimbo zinazojulikana, akawaambia wagonge mdundo wake mezani kwa kidole, wengine wasikilize na kutaja wimbo. Wagongaji walitabiri kwamba wasikilizaji watapatia nusu. Katika nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3. Mgongaji kichwani mwake anausikia wimbo mzima, sauti, ala na kiitikio. Aliyekaa mbele yake anasikia ko-ko-ko. Wewe umegonga meza miezi mitano, unashangaa kwa nini hausikiki wimbo wako. Mumeo ndiye kabisa: amesikia mlipuko wa fomu ya shule, na habari ya wakurugenzi hata hajui kama imo ndani yake.

Haya nayasema nikiwa nimeyaishi. Nilipokuwa kijana kazini, mwenzangu mmoja aliacha kuniitikia salamu. Nikamwacha. Nikajiambia simbembelezi mtu. Ilipita miaka miwili. Katikati ya miaka hiyo mama yake alifariki, ofisi nzima ikaenda kumpa pole, mimi nikajifanya nina kazi za kumaliza. Siku anaondoka kuhamia kwingine ndipo aliponiuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini asubuhi fulani alinisalimia mbele za watu nikampita kama ukuta. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kupokea simu ya habari mbaya ya kwetu. Sikumwona wala sikumsikia. Tulisameheana pale pale, na mpaka leo tunapigiana simu. Lakini msiba wa mama yake nilikosa, na hilo halirudi. Ndiyo maana siwezi kukuandikia kwa utulivu ninapoona miezi mitano inaelekea kuwa sita.

Sasa tufanye kazi. Nyumbani ndiyo kwanza, na iwe leo hii.

Umeniuliza nani aanze. Anza wewe. Sisemi wewe ndiye mwenye makosa zaidi. Nasema wewe ndiye unayejua kilichokuwa ndani ya yale maneno. Watoto wakishalala, kaa karibu naye, simu mbali, umwambie: "Siku ile ya fomu nilikulipukia, na kilichonilipua hakikuwa wewe. Kuna jambo la kazini limenikaa rohoni miezi mitano sijakueleza. Nisamehe kwa nilivyokusemesha." Ishia hapo. Usiongeze "lakini na wewe". Neno "lakini" likiingia kwenye kuomba radhi, kilichosemwa kabla yake kinafutika, na mwenzako anabaki na kile kilichofuata.

Kule kutoka kwake na funguo, naomba usikuchukulie kama dharau moja kwa moja. John Gottman, ambaye amewachunguza wanandoa kwa miongo mingi pale Chuo Kikuu cha Washington, alikuwa akiwafunga vipimo vya mwili wanapobishana. Moyo ukishapita mapigo kama 100 kwa dakika, mtu hasikilizi tena vizuri. Mwili umeshajiandaa kupigana au kukimbia. Ushauri wake ni kupumzika angalau dakika 20, bila kuendelea kuutafuna ule ugomvi kichwani, ndipo mrudi mezani. Huenda mumeo alitoka ili asiseme neno la kujutia. Alipokosea ni kutosema kwamba atarudi mkayaongea. Mwombe hilo kwa upole: "Ukiona huwezi kuongea, niambie unapumua kidogo, halafu rudi tumalize." Na wewe umpe ruhusa hiyo hiyo.

Suala la nani anafanya nini nyumbani ni la kweli, usilizike. Ila lipe siku yake, pengine mwisho wa wiki, mkae na karatasi moja muandike kazi zote za nyumba, hata zile zisizoonekana: kukumbuka tarehe ya chanjo, kujaza fomu, kujua viatu vya nani vimebana. Mtashangaa wote wawili.

Ofisini ni pagumu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Usimwandikie. Najua baruapepe inakuja mkononi kirahisi, lakini maandishi hayana sauti. Ukiandika "naomba tuongee" yeye anaweza kulisoma kama wito wa polisi. Mwendee, mkiwa wawili tu, yule wa meza ya pembeni asiwepo. Mwaka 1999 Gottman na mwenzake Sybil Carrère walichapisha utafiti wa wanandoa wapya 124: kwa kutazama dakika tatu za mwanzo za mabishano yao, waliweza kukisia nani wangekuja kuachana katika miaka sita iliyofuata. Hao ni wanandoa, ofisi si ndoa, lakini mwanzo wa maneno una uzito uleule popote palipo na kinyongo. Ukianza na "wewe siku zote unajifanya", umeshamaliza kikao. Jaribu hivi: "Kuna jambo limenikaa tangu siku ya ile ripoti, na kosa langu ni kwamba sikukuuliza. Naomba robo saa, leo au kesho, chagua wewe."

Mkikaa, taja tukio, taja ulivyoumia, kisha uliza: "Niliambiwa ripoti iliwasilishwa bila jina langu. Sikuwepo, sijui ilivyokuwa. Niliumia, nikaanza kukuwekea nakala za bosi, na lile jibu la kwenye kundi halikuwa sawa. Kwa hayo naomba radhi. Nieleze ilikuwaje." Unaomba radhi kwa nakala na kwa kijembe, hayo uliyafanya. Huombi radhi kwa kuumia.

Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Ataanza kusema, utasikia kitu si kweli, ulimi utawasha. Mwache amalize. Kabla hujajibu, mrudishie alichosema kwa maneno yako: "Kwa hiyo unasema nilikuacha peke yako bila hata kukupigia simu?" Akisema ndiyo, sasa unajua mnagombania nini hasa.

Ukija kwenye kuomba unachotaka, omba kitu kinachoshikika. "Uniheshimu" hakishikiki. "Ripoti ijayo majina yetu yote yawe ukurasa wa kwanza, na tukubaliane mapema nani anawasilisha, na mwingine akipata dharura itamkwe hivyo" kinashikika. Msiende pia kwenye kugawana nusu kwa nusu kabla ya kuulizana. Mary Parker Follett, mwanamke wa Marekani aliyeandika juu ya migogoro kazini katika miaka ya 1920, alisimulia alivyokaa na mtu kwenye chumba kidogo cha maktaba. Mwenzake anataka dirisha wazi, yeye analitaka limefungwa. Wakaenda kufungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Mwenzake alitaka hewa, si lile dirisha. Yeye hakutaka tu upepo wa kaskazini umpige. Hakuna aliyepunjwa. Nawe jiulize: unachotaka ni kusimama mbele ya wakurugenzi, au kazi yako ijulikane ni yako? Huenda mwenzako anapenda kusimama mbele na wewe unapenda takwimu, na mnaweza kuendelea hivyohivyo majina yote mawili yakiwepo.

Yule anayekuletea habari, punguza masikio kwake. Sijui nia yake, pengine anakupenda kweli. Lakini wahenga wa mtaani wanasema akili za kuambiwa changanya na zako, na wewe za kwako bado hujaziweka. Akija tena, mwambie kwa wema, "Hilo nitamuuliza mwenyewe." Ukimwambia mara mbili, ataacha.

Uhamisho, hapana, si sasa. Ukiondoka bila kuongea, huko uendako utakutana na mtu mwingine na ripoti nyingine, na desturi yako ya kungoja utakuwa umeibeba. Barua kwa rasilimali watu nayo isubiri. Bosi wenu, nasema wazi, alikwepa wajibu wake. "Mtajijua" si neno la kiongozi anapoona watu wake wawili wamewekeana ukuta wa boksi. Mkishindwa kuelewana baada ya kujaribu mara mbili, rudi kwake na ombi mahususi: akae nanyi nusu saa, kila mmoja aseme bila kukatizwa, na mgawanyo wa kazi uandikwe.

Ila nikuonye, wewe na kila anayesoma hapa. Ushauri huu wa kumwendea mtu peke yako ni wa watu wawili wanaolingana waliokoseana. Kama kazini kuna anayekutishia, anayekutukana, anayekudai ngono au anayekuchezea mshahara, usimwendee peke yako kutafuta suluhu. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa, hifadhi ujumbe, nenda kwa wanaohusika ukiwa na mtu unayemwamini.

Mwenzako anaweza kukataa. Anaweza kusema hana la kuongea, au akaomba radhi nusu nusu. Usirudi kwenye nakala za bosi kwa hasira. Mwambie, "Sawa, ukiwa tayari kunieleza upande wako, nipo," na kesho asubuhi msalimie kwa jina lake, asipoitika msalimie tena kesho kutwa. Huyu ndiye aliyekushikia kazi ukiwa na kichanga. Ameshaonyesha moyo wake mara moja.

Lile boksi usiliondoe wewe. Aliliweka yeye. Lakini ile stepla yako mpya, asubuhi unayokwenda kumwomba robo saa, itie kwenye droo, na ukitaka kubana karatasi, muombe ya zamani.

Shangazi yako